Bahari itaila tu, alisema bibi

Nilikuwa na miaka nane au tisa hivi, Tanga, msimu wa kusi, tumetoka kuokota makombe ufukweni na mguu wangu wa kulia una bonge la lami kisiginoni. Waliokulia pwani wanaijua hiyo kitu. Inaletwa na maji, inakaa kwenye mchanga nyeusi ti, zingine ndogo kama punje za kunde zingine ukubwa wa ngumi, juu zimeshika mchanga unadhani jiwe, ukikanyaga ndo unajua, na ukisugua na mchanga itoke ndo kwanza inapaka mguu mzima. Bibi akanikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa akaanza kunifuta taratibu, tulia mume wangu, usichezeshe mguu. Nikamuuliza inatoka wapi hii, akasema melini. Nikamuuliza sasa ile nyingine iliyobaki kule ufukweni nani ataitoa. Akajibu bila hata kuinua kichwa:

"Bahari itaila tu."

Nikaridhika. Mtoto akiambiwa na bibi yake ameambiwa.

Miaka mingi baadae nikawa nimekaa kwenye kikao kimoja cha mambo ya mazingira ya pwani, mvuvi mmoja mtu mzima akasimama akauliza, hivi mafuta yakimwagika hapa kwetu itakuwaje? Mtoa mada akatabasamu akamwambia mzee wangu usiwe na hofu, baharini kuna bakteria wanaokula mafuta, bahari inajisafisha yenyewe. Watu wakapiga makofi, mzee akakaa. Mi nilibaki nimeduwaa maana yalikuwa maneno yale yale ya bibi, ila kwa bibi yalikuwa ya kumtuliza mtoto na pale mbele yalikuwa ya kumnyamazisha mtu mzima anayeulizia riziki yake. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Bakteria hao wapo kweli, na kazi wanaifanya. Alichoacha ni nusu ya pili ya habari, na hiyo nusu ya pili ndo inayotuhusu sisi watu wa mikoko. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma hii kitu kila nikipata nafasi, na nikafanya na majaribio yangu nyumbani nitayaeleza huko mbele, sasa naandika yote sehemu moja.

Kwanza mafuta yenyewe. Mafuta ghafi sio kitu kimoja, ni maelfu ya vitu vimechanganyika, ila karibu vyote vimeundwa na kaboni na haidrojeni ndo maana vinaitwa haidrokaboni. Mi huwa nazifikiria kama shanga. Kuna zile zilizotungwa kwenye uzi ulionyooka, kaboni moja inafuata nyingine, hizo ndo alkani, ziko fupi za shanga tano sita ambazo ni nyepesi kama petroli na ziko ndefu za shanga thelathini na zaidi ambazo ni nta kabisa. Kuna zilizofungwa pete, pete mbili, tatu, nne zimeshikana, hizo ndo zenye sumu ya kukaa muda mrefu, ndogo kuliko zote kwenye hilo kundi ni naftalini, ile iliyokuwa inatengenezewa vidonge vyeupe vya kuweka kwenye nguo zisiliwe na wadudu. Halafu kuna mafundo, shanga zimejisokota hovyo na salfa ndani na vyuma kidogo, huko ndo kwenye lami.

Sasa bakteria hana mdomo wala meno. Yeye ni chumba kimoja tu kimezungukwa na ukuta, chakula chake lazima kipite ukutani, na mafuta hayakubali maji. Kwa hiyo kitu cha kwanza anachofanya, na hapa ndo nilianza kuwapenda hawa viumbe, anatengeneza sabuni. Kweli kabisa, anatoa kitu chenye sehemu ya sukari na sehemu ya mafuta, upande mmoja kinashika maji upande mwingine kinashika mafuta, bonge la mafuta linavunjika kuwa matone madogo madogo na yeye anajibandika kwenye tone. Akishalipata anachukua oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji na kwa kutumia kimeng'enya chake anaichomeka kwenye shanga ya mwisho ya ule uzi. Hapo tu. Hiyo hatua moja ndo ngumu kuliko zote, maana alkani ni kitu kimelala, hakitaki kuguswa na chochote, lakini ikishachomekwa oksijeni pale mwishoni imeshapata mkia wa kushikia. Inakuwa alkoholi, halafu inakuwa asidi ya mafuta, jamii moja na zile zilizopo kwenye nazi yetu (nyingi kwenye mafuta ya nazi ni ya kaboni kumi na mbili), na kuanzia hapo anakata shanga mbilimbili, mbilimbili, mpaka uzi unaisha. Hiyo ya kukata mbilimbili ndo hivyo hivyo mwili wako unavyochoma mafuta ya maandazi uliyokula asubuhi. Mwisho wa safari inabaki hewa ya kaboni, maji, na bakteria wengi zaidi.

Maarufu kuliko wote anaitwa Alcanivorax borkumensis. Jina la kwanza maana yake mlafi wa alkani, la pili ni kisiwa cha Borkum kule Bahari ya Kaskazini upande wa Ujerumani, wanasayansi walimtangaza rasmi mwaka 1998 na 2006 vinasaba vyake vyote vikasomwa. Ni mdogo kiasi kwamba ukiwapanga mia tano hivi kwa urefu ndo wanafika milimita moja. Kinachonishangaza kwake ni kwamba hana chakula kingine cha maana, sukari hataki, yeye ni alkani na vitu vichache vya kufanana nayo basi. Kwenye maji masafi unamtafuta kwa tochi, wapo wachache mno, mafuta yakimwagika baada ya siku chache anageuka kuwa ndo mwenye mji. Mwaka 2023 ulitoka utafiti kwenye jarida la Science ukaonyesha kwamba wakishazoea mafuta wanalivaa tone zima kama ngozi, wanakuwa wengi mpaka wanalisukuma linaota vidole, linageuka kama mizizi mizizi, na kila kidole kikitokea ndo nafasi mpya ya wenzao kujibandika na kula. Niliangalia zile picha zaidi ya mara kumi.

Wa pete ni wengine. Cycloclasticus jina lake lenyewe linasema ni mvunja pete, huyo ndo anaingia kwenye naftalini na ndugu zake. Yaani pale kwenye tone sio mlaji mmoja, ni shughuli nzima, huyu anakata uzi, huyu anavunja pete, mwingine anakula mabaki ya wenzake, mwingine anawala wao wenyewe.

Nilikuwa najiuliza, sasa kabla ya meli na visima hawa walikuwa wanakula nini? Jibu la kwanza nililitegemea, mafuta yanavuja yenyewe kutoka chini ya bahari tangu enzi, wataalamu wa Marekani mwaka 2003 walikadiria tani 600,000 hivi kwa mwaka duniani kote, kuna sehemu kama pwani ya California yanapanda na mapovu unayaona kwa macho. Jibu la pili ndo sikulitegemea hata kidogo. Vile vijidudu vya kijani vinavyoelea juu ya bahari vikitumia jua, sainobakteria, navyo vinatengeneza alkani ndani ya miili yao, nyingi za shanga kumi na tano na kumi na saba. Kila kimoja kinatengeneza kidogo sana, lakini ni vingi mno, utafiti wa 2015 ukakadiria kwa mwaka ni tani milioni 300 mpaka karibu 800. Hiyo ni mara mamia kuliko mafuta yote ya binadamu na ya mivujo yanayoingia baharini. Na hatuyaoni, kwa sababu kila siku yanatengenezwa na kila siku yanaliwa. Yaani bahari safi kabisa, ile ya bluu unayopiga nayo picha, muda wote kuna mtu anaipakulia mafuta na kuna mtu anayala. Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi kuliko hata alivyojua mwenyewe.

Sasa twende kwenye siku walipopewa chakula kuliko uwezo wao.

Tarehe 20 Aprili 2010, Ghuba ya Meksiko, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na kisima kilichokuwa chini kama mita 1,500 kikaanza kutema mafuta na gesi siku 87 mfululizo. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa milioni 4.9, mahakama baadae ikasema milioni 3.19 ndo yaliyoingia baharini, vyovyote vile ni mengi ya kutisha. Wakamwaga na dawa za kuvunjavunja mafuta, lita kama milioni 7, nyingine pale pale chini kisimani. Sehemu kubwa ya mafuta haikupanda juu, ikabaki huko katikati kwenye kina cha kama mita 1,100 kama wingu, gizani, baridi ya nyuzi 5 hivi. Watu wengi walidhani kwenye baridi ile bakteria watakuwa wamezubaa. Timu ya Terry Hazen kutoka maabara ya Lawrence Berkeley ikachota maji ya lile wingu, kufika Agosti mwaka huo huo wakatangaza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya bakteria walioonekana mle ni wa ukoo mmoja, Oceanospirillales, ndugu zake Alcanivorax, wazoefu wa baridi, na walikuwa wanakula kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Baadae wale wa mwanzo wakapungua wakaja wengine, wavunja pete na wala gesi.

Vichwa vya habari vikawa bahari imejisafisha. Lakini mwanamama Samantha Joye wa Chuo Kikuu cha Georgia alishuka kuangalia sakafu ya bahari, akakuta tope lenye mafuta limelala juu ya sakafu, na ndani yake vijidudu vimekufa. Sehemu ya mafuta ilikuwa imeganda na ute wa bakteria wenyewe na uchafu mwingine ikashuka kama theluji mpaka chini. Na 2014 mtafiti David Valentine na wenzake wakapiga hesabu kwamba mafuta ya lile wingu yalitua kwenye sakafu eneo la kama kilomita za mraba 3,200. Hiyo ni zaidi ya Unguja na Pemba ukiziweka pamoja. Kwa hiyo yaliliwa, ndio, mengi tu. Hayakuliwa yote, na yasiyoliwa hayakupotea, yalihamia mahali ambapo kamera za habari haziendi.

Hapo ndo nilipoelewa swali la maana sio kama bakteria wapo. Wapo. Swali ni wanahitaji nini na mafuta yameishia wapi.

Mfano mzuri kuliko yote ni Alaska. Meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba tarehe 24 Machi 1989, mafuta yapatayo lita milioni 40 yakaingia Prince William Sound, mawe ya ufukweni yakawa meusi mamia ya kilomita. Watafiti wakaja na wazo ambalo mkulima yeyote wa kwetu angelielewa: mbolea. Maana mafuta ni kaboni tupu. Kumpa bakteria mafuta peke yake ni kama kumpa mtu ugali mkavu miezi sita bila mboga, anashiba lakini hajengi mwili, anahitaji naitrojeni na fosforasi ndo azaliane. Wakanyunyizia mbolea kwenye vipande vya majaribio, wiki mbili tatu ukipita juu unaona pale palipowekwa mbolea mawe yamerudi rangi yake, kama mtu kakata dirisha kwenye weusi. Bakteria hawakuletwa kutoka popote. Ni wa pale pale.

Ndo maana mtu akiniuliza kwanini tusinunue bakteria wa maabara tukawamwaga, namwambia hiyo ilishawazwa. Ananda Chakrabarty, mzaliwa wa India aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya General Electric, alimtengeneza bakteria wa kula mafuta na kuombea hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1972, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 1980 majaji watano kwa wanne wakakubali kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa kinaweza kumilikiwa. Kesi hiyo ilibadilisha dunia nzima ya bayoteknolojia, lakini bakteria mwenyewe hakuwahi kuwa dawa ya bahari, maana pale baharini walaji hawakosekani, kinachokosekana ni mboga na hewa.

Hewa, hapo ndo penyewe. Turudi Alaska, mwaka 2001, miaka kumi na mbili imepita, watafiti wa serikali wakachimba vishimo kama 9,000 kwenye fukwe 91. Juu pasafi. Chini ya mawe, zaidi ya nusu ya hizo fukwe bado mafuta yapo, mengine mabichi kabisa, unayasikia harufu. Baadae watu wakapima wakakuta tabaka la chini la mchanga wa hizo fukwe maji hayapiti kiurahisi, oksijeni haifiki, na mbolea haifiki. Unakumbuka ile hatua ya kuchomeka oksijeni kwenye shanga ya mwisho? Bila oksijeni haipo. Wapo bakteria wengine wanaojua kula mafuta bila oksijeni, wanatumia salfeti ya kwenye maji ya bahari, lakini hao kazi yao ni ya polepole mno, tunaongelea miaka na miaka sio wiki.

Sasa hii ya hewa mi sikutaka kuiamini kwenye karatasi tu, nikachukua chupa nne za mayonezi, zile za kioo zenye mdomo mpana. Maji nilichota kule Deep Sea wanapopaki boti, dizeli kidogo niliomba kwa binamu yangu, nikapima na bomba la sindano mililita mbili kila chupa. Chupa ya kwanza maji nimeyachemsha kwanza yakapoa, nikaweka dizeli na mbolea. Ya pili maji mabichi na dizeli, mbolea hakuna. Ya tatu maji mabichi, dizeli na mbolea ya NPK kidogo tu ya kushika kwa vidole viwili. Hizo tatu nikazifunika kitambaa hewa iingie, nikaziweka chini ya meza kivulini zisiote kijani, na kila jioni nazitikisa. Ya nne nilienda mikokoni nikachota lile tope jeusi, nikalichanganya na dizeli yake, nikajaza maji mpaka mdomoni nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Wiki ya kwanza hakuna kitu, ni harufu tu nyumba nzima na mke wangu alivumilia kwa kweli. Siku ya kumi na moja au kumi na mbili nikatoa ile ya tatu nikaona maji yamebadilika, yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Siku zilivyoenda yakazidi, na dizeli iliyokuwa imekaa juu kama kioo cha njano ikaanza kukatika vipande, vipande vikawa na ukungu mweupe pembeni, ukitikisa havirudi kuungana kama zamani, vinabaki vimetawanyika kama mtindi uliovunjika. Wiki ya tano nikanusa, harufu ya dizeli imebaki kwa mbali, imekuja nyingine ya uchachu hivi kama ya mtungi wa maji uliokaa. Ya pili nayo ilianza kuwa na ukungu lakini kidogo, imechelewa sana. Ya kwanza, ya maji yaliyochemshwa, dizeli imepungua kiasi maana dizeli nayo inaruka na hewa, lakini iliyobaki imekaa pale pale juu, njano, safi, inanuka kama siku niliyoiweka.

Ya nne niliiacha miezi miwili. Nilipofungua harufu ya yai viza ilinipiga mpaka nikarudi nyuma, tope limekuwa jeusi zaidi, na nilipochoma kijiti mpaka chini yakapanda matone ya dizeli moja moja, ya duara, yanang'aa, kama yametoka pampu asubuhi ile. Najua hii sio maabara, sina vipimo, chupa nne haziwezi kuthibitisha kitu mbele ya mtaalamu. Lakini nilikaa na ile chupa ya nne mkononi muda mrefu nikimkumbuka yule mzee mvuvi.

Kwa sababu pwani yetu ni chupa ya nne. Tope la mikokoni oksijeni inaingia milimita chache tu juu, chini yake hakuna, ndo maana mikoko yenyewe imeamua kutoa mizizi inayochomoza juu ipumue. Mafuta yakija na maji ya bamvua yanapanda mpaka ndani kabisa, maji yakipwa yanaiacha mizizi imepakwa, matundu ya kupumulia yameziba, mti unaanza kudondosha majani. Hayo ni juu ya tope. Chini yake yanaingia wapi? Kwenye mashimo ya kaa. Kaa anachimba mpaka chini, na kwa siku za kawaida shimo lake ni baraka maana linapeleka hewa, siku mafuta yakija shimo lile lile ni bomba la kuyashusha mahali yasipoliwa.

Hii imeshaonekana kwenye Ghuba ya Uajemi. Januari 1991 vita ya Kuwait, mamilioni ya mapipa yakamwagwa baharini, pwani ya Saudia mamia ya kilomita ikapakwa. Mwaka uliofuata Samir Radwan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kuwait wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba juu ya yale mafuta limeota zulia la sainobakteria, bluu kijani, na ndani ya huo ute wamejaa bakteria wa kula mafuta, sainobakteria wanawapa wenzao oksijeni na wanawashikilia wasisombwe na maji. Jambo zuri mno, na lilileta matumaini ya kweli. Ila watafiti waliorudi miaka zaidi ya kumi baadae kwenye zile kingo za tope na majani ya chumvi, walikuta mafuta bado yapo chini, na njia mojawapo yaliyopita ni mashimo ya kaa. Juu zulia, chini yapo.

Na hii bahari yetu nayo sio ngeni. Mombasa Aprili 2005 mafuta ghafi yalimwagika bandarini yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz. Mauritius Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda miamba, Agosti ikaanza kuvuja, tani kama 1,000, wananchi hawakusubiri mtu, walishona nyavu na vitambaa wakajaza majani ya miwa wakatengeneza vizuizi virefu vya kuelea, usiku na mchana. Wale watu walielewa kitu ambacho mtoa mada wetu hakukisema: kazi ya binadamu ni kuyazuia mafuta yasifike kwenye tope. Yakiwa bado juu ya maji, kwenye mawimbi, kwenye hewa, bakteria wana nafasi. Yakishaingia mikokoni hata ukitaka kuyatoa kwa makoleo na maji ya presha unaua zaidi ya unachookoa.

Hapa Tanga sasa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, kilomita 1,443, na mafuta yake yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda, ndo maana bomba limeundwa kuyapasha moto njia nzima yabaki juu ya nyuzi 50. Nta ni zile alkani ndefu. Mtu anaweza kusema si vizuri basi, si ndo chakula wanachokipenda? Chakula ndicho, ila kilichoganda. Tone la maji maji lina uso mkubwa wa kushika, bonge la nta lina uso mdogo na ndani hapafikiki. Kwa hiyo vizuizi vya kuelea viwepo tayari, watu wa vijijini wafundishwe kuvitumia, ramani ya mikoko ijulikane ni mkono upi wa bahari unafungwa kwanza. Hayo ndo majibu ambayo mzee wa watu alistahili kupewa siku ile.

Na ile lami ya kwenye kisigino changu, nimeshajua ilikuwa ni nini. Mafuta yakiwa baharini muda mrefu nyepesi zinaruka na hewa, jua linachoma, bakteria wanakula nyuzi zilizonyooka kwanza, halafu pete ndogo, wanapunguza mpaka wanafika kwenye yale mafundo ambayo hakuna anayeyaweza. Hicho ndo kinachosukumwa ufukweni. Bibi alisema bahari itaila, kumbe niliyokanyaga ilikuwa tayari imeshaliwa, yale yalikuwa makombo.

Mwezi uliopita nilienda na binamu kwenye mkono mmoja wa bahari ambapo miaka kama kumi iliyopita chombo kimoja kilimwaga mafuta mazito usiku na asubuhi hakukuwa na wa kuulizwa. Mikoko imerudi, tena imependeza, mingine imenizidi urefu. Binamu akaniambia unaona, palipona. Maji yalikuwa yamepwa. Nyayo zetu zikawa zinajaa maji, na juu ya maji utando wenye rangi rangi. Nikamwambia subiri, maana nao sio lazima uwe mafuta, kuna bakteria wa chuma wanatengeneza utando kama huo huo kwenye tope, ukiuchokoa unavunjika vipande kama kioo na vipande vinabaki mbalimbali. Mafuta ukiyachokoa yanafunguka halafu yanajifunga tena.

Akavunja kijiti cha mkoko, akakipitisha katikati ya unyayo wake. Utando ukafunguka. Tukasimama tumeinama wote wawili tunaangalia. Ukajifunga.